Mwaka Niliompikia Lalji

Ndugu yangu alikuja kwa maziko ya mama, akataka kuondoka na Mungu wa nyumba. Sisemi kwa mafumbo. Siku ya kumi na tatu, siku tunayomaliza matanga, wageni walipokwisha kula na kunawa, Kirit alijipangusa mdomo akaniambia mbele ya watu, kwa ile sauti yake ya upole ambayo imenikera tangu utotoni: "Ila, Lalji nitakwenda naye Uingereza. Mama ameshaondoka, na hapa hakuna tena wa kumtazama inavyostahili." Nilikuwa nimeinama nakusanya vikombe. Niliinuka na sinia langu nikamuuliza, inavyostahili ndiyo vipi? Akasema mimi mwenyewe najua: mjukuu wangu hajui aya hata moja, anamwomba Mungu kwa Kiswahili kama anayeagiza mahamri dukani. Jamaa zetu waliokuja kutoka Kizingo, wale waliouza nyumba zao za huku Mji wa Kale zamani na sasa wakija hulalamika hawana pa kuegesha gari, wakatazama sakafu. Nikamwambia, "Haendi popote." Kisha nikaingia jikoni, maana ningekaa pale kidogo ningemvurumishia vikombe, na vikombe vilikuwa vya kuazima.

Wasiojua niwaeleze. Lalji ni Krishna akiwa mtoto, wa shaba, hazidi kiganja, anatambaa kwa magoti, na mkono mmoja ameshika donge la siagi. Kiswahili kitamwita sanamu, na wapo watu wakilitamka neno hilo hukunja pua. Wakunje. Nyumbani mwetu alikuwa mtoto, tena mdogo kuliko sote, na mtoto ana mambo yake. Asubuhi huamshwa, wala haamshwi kwa kushtuliwa, huamshwa kwa makofi mepesi na wimbo. Huogeshwa kwa maji yaliyopashwa moto kidogo. Huvikwa nguo, hulishwa, hulazwa mchana, huamshwa alasiri, hulishwa tena, huimbiwa, hulazwa. Na kubwa kuliko yote, yeye hula kwanza. Anayepika haonji. Hata kunusa haruhusiwi. Chumvi imezidi au imepungua, mpishi hajui; atakayejua ni yeye Lalji, na baada yake ndipo sisi tunakula alichobakisha, tunachokiita prasad. Na prasad haikataliwi wala haitupwi. Hiyo ndiyo dini niliyofunzwa. Imo vitabuni pia, naambiwa, lakini mimi niliipata jikoni.

Kirit anasema hatukufunzwa. Anasema mama alikuwa mwanamke mwema sana, lakini hakuwa na elimu ya dini ya kuwapa watoto. Alilisema hilo hata katika maneno yake ya kumuaga, mbele ya picha yake yenye shada la maua, na watu wakatikisa vichwa kwa adabu. Mimi sikutikisa kichwa. Naandika haya kwa sababu mwaka mmoja tu wa maisha yetu unatosha kumjibu, naye alikuwapo. Kama yeye amesahau, mimi sijasahau, na sina nia ya kusahau.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye kumi na mitatu. Baba alikuwa ameshafariki, na kwa desturi yetu mwenye kauli juu yetu sasa alikuwa ndugu yake mkubwa, tuliyemwita Motakaka, aliyekaa Nairobi. Alishuka kwa gari moshi, akaja asubuhi amevaa suti ya sufu na joto lote lile. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, kile chenye roshani, nimekaa mkekani mbele ya kiti cha Lalji, nimemwekea maziwa yake, nami nimechelewa shule. Nikawa namwambia, "Kunywa basi, baba, nakuomba. Leo nina hesabu, na yule mwalimu hana mchezo." Nilikuwa nikizungumza naye hivyo kila siku. Mama alizaliwa Lamu, akakua na watoto wa Kilamu, na Kiswahili ndicho alichotubembelezea. Kigujarati chake kilikuwa cha kuitana chakula na kugombezana. Nilipogeuka nikamwona Motakaka amesimama mlangoni, viatu mkononi, uso umemshuka.

"Anazungumza na nani?" alimuuliza mama.

"Na Lalji," mama akajibu.

"Kwa lugha ya sokoni?"

Mama akasema, "Motabhai, Lalji hajalalamika." Motabhai ni kaka mkubwa, ndivyo alivyomwita shemeji yake siku zote, na siku zote akiwa amevuta ncha ya sari kufunika kichwa, maana mwanamke wa kwetu hakumwonyesha ndugu mkubwa wa mumewe nywele zake. Alisema hayo kwa sauti ndogo, ametazama chini, na nadhani hata yeye alishtuka kuyasikia.

Motakaka alikunywa chai yake kwanza, akala na vitafunio vyote vya dengu mama alivyomkaangia, ndipo akatoa hukumu. Ati tulikuwa tukikua kama magugu. Ati marehemu ndugu yake angeona haya. Alitupa mpaka Diwali. Atakaporudi, kila mmoja wetu asome mbele yake sala za asubuhi na za jioni na aya alizozitaja, kwa moyo, kwa matamshi safi. Atakayeshindwa atapelekwa Gujarat, kwenye bweni la watu wacha Mungu, alelewe huko mpaka awe mtu. "Na wakishindwa wote wawili," akasema akitafuta viatu vyake, "watakwenda wote wawili, na wewe utafunga nyumba hii uje kukaa kwetu." Mama alikuwa ameshika birika. Mjane wa enzi zile angesema nini, na amwambie nani?

Alimwambia Bi Rehema. Bi Rehema alikaa chini yetu, nyumba ile ile, ngazi zile zile, na wajukuu wake watano wenye sauti za wauza samaki. Alikuwa Mwislamu wa kuswali tano zake kwa wakati, hakuabudu tulichoabudu wala hakujifanya. Lakini kila jioni akitunga asumini zake za kichwani, kabla hajazisogeza karibu na uso, aliteua chache akaziweka kwenye kipande cha jani la mgomba, akanipigia kelele ngazini, "Ila! Ndoo hapa uchukue! Hizi sijazinusa!" Sijui ni nani aliyemwambia kwamba maua ya Lalji hayanuswi na mtu. Labda alimwona mama akizirudisha siku moja, akauliza, akajibiwa, basi, ikawa desturi yake. Leo watu hukutana mahotelini kuzungumza habari ya dini mbalimbali kuheshimiana, wanapiga picha, wanakula biskuti. Bi Rehema hakupigwa picha.

Jioni ile nilikaa kwenye kipandio cha juu nikawasikiliza. Mama alikuwa hodari wa kulia bila sauti, ila pua ilimsaliti.

"Wanataka kunichukulia watoto wangu."

"Nani?"

"Shemeji. Ati hawajui dini."

"Hawajui dini!" Bi Rehema alicheka kwa hasira, nikasikia bangili zake zikigongana. "Huyo Ila juzi nimemtilia zambarau mkononi, mtoto yuwatoka shule na ndaa yake, mate yamjaa. Kala hata moja? Aka! Kapanda nazo juu mbio akampe kwanza mwenyewe, ndipo karudi hapa kutafuna. Hawa wangu nikiwapa kitu hata bismillahi huikumbuka kikishafika tumboni. Mwambie shemejiyo aje aniulize mimi."

"Hilo halimo katika mtihani wake, Bi Rehema."

"Basi wafunze hayo ya mtihani. Lakini Mama Kirit, nakwambia kama nduguyo, usimtoe yule mtoto jikoni."

Kirit alikuwa na kichwa, hilo silikatai. Kila jioni alikwenda kwa kuhani hekaluni, na akirudi tulimsikia tangu uchochoroni, anasoma akipanda ngazi, anasoma akivua viatu, anasoma huku anatafuna. Sauti yake ilikuwa nzuri. Mama aliacha kukuna nazi akamsikiliza, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyewekewa mto mgongoni. Mimi aya zilinikataa. Nilishika mbili, ya tatu ikaja ikazifukuza zile mbili. Kirit alinisahihisha kwa upole, na ule upole ndio ulionitia wazimu. Siku moja mwezi wa Julai, mvua ya kusi inapiga madirisha na baridi ile tunayoiita baridi sisi tusiojua baridi, nilipandwa na hasira. Mama aliniambia nimuogeshe Lalji. Nikamwambia sitaki. Nikamwambia zaidi ya hapo: "Ni shaba. Hasikii baridi, hasikii joto, hasikii kitu. Kazi yote hii ya bure." Kirit akaacha kusoma. Nilingoja kofi.

Mama hakunipiga wala hakunihubiria. Alikuwa akichagua mawe kwenye mchele, na hakuinua macho. "Sawa," alisema. "Basi usihangaike kuwasha jiko. Mtilie maji baridi."

Nikachota maji mtungini. Nikamchukua Lalji nikamweka kwenye bakuli lake, nikamvua kijikanzu chake, nikatia kidole kwenye maji kuona. Yalikuwa baridi. Nilisimama pale na kopo langu kwa muda, nimekasirika na dunia nzima, mvua inanyesha, na yeye yuko uchi na donge lake la siagi ananitazama. Nikarudisha maji jikoni nikawasha jiko la mafuta ya taa nikayapasha. Mama aliendelea kuchagua mchele. Nina wajukuu sasa, na nimesikiliza hotuba nyingi za waalimu wa dini waliokuja kwa ndege, wengine hodari kweli kweli, na sijapata kusikia somo lililonikaa kuliko yale maji.

Tangu siku ile mama aliacha kunisukuma kwa aya. Alinitia jikoni. Nilioga kabla ya kuingia, nikafunga nywele, nikavaa nguo isiyotoka nje ya mlango ule, na nikajifunza kupika kwa masikio na macho. Suji, zile chembe za ngano, ikiiva hubadilika sauti chini ya mwiko, kabla haijabadilika rangi. Samli ikianza kujitenga pembeni mwa sufuria, hapo ndipo maziwa huingia. Tulipika shiro hivyo, chakula cha suji, samli, maziwa na sukari, laini kama halua, ndicho Lalji alichokipenda, au ndicho mama alichokipenda. Kwetu haikuwa na tofauti. Nilimuuliza swali ambalo kila mtoto wa kwetu huliuliza: "Nitajuaje kama sukari inatosha?"

"Hutajua."

"Sasa je?"

"Sasa unapika kwa moyo wako wote, unampa, na litakalotoka unalikubali."

"Na nikishindwa kwa Motakaka?"

Mwiko wake ulisita. "Pika," alisema. Na nikaona anajipangusa macho kwa kifundo cha mkono, kisha analaumu moshi. Jiko lile halikuwa na moshi.

Motakaka alirudi wakati wa Diwali kama alivyoahidi. Kwa wiki nzima kabla yake mama aliisugua nyumba kama inayotafutiwa mchumba. Alipaka chokaa ukuta wa ngazi mpaka mlango wa Bi Rehema, akafua mapazia, akashusha mikebe yote ya jikoni akaisugua kwa majivu ikang'aa, akaipanga upya rafuni kubwa kwa ndogo, ili mgeni akichungulia aone nyumba ina adabu. Siku inayofuata Diwali ni mwaka mpya wetu, na siku hiyo Lalji huandaliwa vyakula vya kila namna, milima ya vyakula. Mama alipika tangu alfajiri. Shiro aliniachia mimi, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Nilikaanga suji nikasikia sauti yake ikibadilika, nikatia maziwa, nikanyoosha mkono mahali pa sukari nikatia vipimo vyangu, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Nilijivuna. Iling'aa kwa samli.

Kwanza ulikuja mtihani. Motakaka aliketi kwenye kiti cha baba. Kirit alisimama na nguo yake nyeupe akasoma yote, hakukwama, hakujikwaa, na alipomaliza Motakaka alimvuta akamkumbatia. Kisha mimi. Nilianza vizuri. Nikafika aya ya pili, nikaiona imeondoka, nikatazama dari, dari haikunisaidia. Nikaanza upya, nikafika pale pale. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na midomo yake ilikuwa ikicheza, naye maskini hakuijua pia.

"Basi," Motakaka akasema. "Mvulana amefaulu. Msichana atakwenda Gujarat, na mapema."

Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwanza Lalji ale."

Tukapanga vyakula mbele yake, tukafunga pazia, maana mtoto akila hatazamwi mdomoni, tukangoja. Alipokwisha, mama alifungua pazia, akachukua sufuria yangu, akampa kila mtu donge la shiro kwenye kiganja cha kulia, kuanzia mgeni. Motakaka alilitia lote kinywani. Nikamwona anaacha kutafuna. Macho yakamtoka, mashavu yakavimba, akatoa kitambaa mfukoni akatema. Akatema tena. Kirit alikuwa ametafuna mara moja. Akamtazama Motakaka, naye akatema kiganjani mwake akakifumba, mama asimwone. Mimi langu bado lilikuwa mkononi. Nikalitia mdomoni, nikajua. Chumvi. Chumvi tupu, ya kuchoma ulimi na koo. Mama alikuwa amepanga upya mikebe kwa heshima ya mgeni, na mahali pa sukari pakakaa chumvi, na chumvi ya mawe na sukari ya siku zile vilifanana kama pacha.

Sikutema. Sisemi kwamba nilikuwa mtakatifu. Machozi yalinitoka, na pua, na nilitamani nife. Lakini kutema prasad ni jambo ambalo kinywa changu hakikulijua. Nilitafuna nikameza.

"Amemlisha Mungu chumvi!" Motakaka alikuwa amesimama. "Haya ndiyo malezi yako? Haya ndiyo uliyomfunza?"

Mama alikuwa anakula donge lake. Alikula pole pole mpaka mwisho, akalamba vidole, kimoja kimoja. Ncha ya sari yake ilikuwa imeanguka begani, kichwa wazi, na kwa mara ya kwanza mbele ya mwanamume yule hakuivuta.

"Mtoto amekosea mkebe," alisema. "Amempa Lalji chumvi, na Lalji amekula. Mtoto amekula. Mimi nimekula. Motabhai, katika nyumba hii aliyetema prasad ni wewe."

Wacha we! Motakaka alibaki na kile kitambaa mkononi, hajui akiweke wapi, kukitupa hawezi na kukirudisha mfukoni hataki. Mama hakumsaidia. "Ila haendi popote," alisema. "Gujarat haendi, Nairobi haendi. Nami siondoki hapa. Kama kuna dini nyingine zaidi ya hii, sisi hatuijui, na tutakufa hatuijui."

Ningependa kumalizia hapo, maana hapo tulishinda. Lakini Motakaka, alipopata sauti, aliuliza, "Na mvulana je, nisimpeleke huko akaendelee kusoma?" Mama akamgeukia Kirit. Angeweza kukataa, ilikuwa siku yake ya kusema. Badala yake akamwambia Kirit aamue mwenyewe, na nadhani alikuwa na hakika ya jibu. Kirit alikuwa bado amekunja kiganja kile. Akasema atakwenda. Alitaka kusoma zaidi, akasema, na kuhani alikuwa amemwambia ana kipawa. Uso wa mama sitauandika. Alimfungia sanduku lake mwenyewe, akamtilia sweta mbili na achari ya ndimu. Ile shiro ya chumvi haikutupwa. Aliikanda kidogo kidogo kwenye unga, tukala chapati zake mama na mimi, siku nyingi, nyumba ikiwa kimya isiyo na msomaji ngazini. Mimi niliyeshindwa nikabaki. Aliyefaulu ndiye aliyechukuliwa. Miaka yote mama hakulitaja hilo, ila kila alipopika achari ya ndimu alifunga mlango wa jikoni.

Kirit amekuwa mtu mkubwa huko Uingereza. Hualikwa kusoma kwenye harusi na matanga, na kwa matanga ya mama alisoma mpaka nywele zikanisimama. Sitamnyima haki yake. Asubuhi baada ya ugomvi wetu alinifuata chumba cha mbele na kisanduku alichokinunua, kina sponji ndani, kimekatwa umbo la mtoto anayetambaa. Nilikitazama mpaka akakiweka chini.

"Nani atamuamsha huko?" nikamuuliza. "Wewe na mkeo mnatoka nyumbani giza bado."

"Nitamwekea matunda asubuhi."

"Mchana kutwa?"

"Ila, yeye ni Mungu. Hafi njaa."

"Na mkisafiri?"

Akasema wana kabati zuri, la kioo, lina kufuli. Nikacheka, na hakikuwa kicheko cha kumpendeza mtu. Akakaa kitini. Ghafla akaonekana mzee, mzee kuliko miaka yake. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," akasema. "Niliondoka na sweta mbili. Nataka kitu cha mama, Ila. Kitu kimoja."

Iliniuma. Mimi si jiwe. Nikamwambia achukue sari yake ya harusi, achukue miwani, achukue mwiko, achukue hata kiti cha baba akipata ndege ya kukibeba. "Lakini Lalji si kitu cha mama," nikamwambia. "Wewe uliyesoma ndiye wa kunieleza hilo, si mimi nikueleze wewe. Mtoto hachukuliwi akawe ukumbusho wa mtu."

Stima ilikuwa imekatika tangu asubuhi na joto limejaa chumbani. Meera, mjukuu wangu, aliyemaliza darasa la pili, alikuwa kwenye mkeka na upepeo wa ukindu, anampepea Lalji, mkono wake umechoka anabadilisha wa pili. Kirit alimwinamia. Akamwuliza kwa Kigujarati kama anajua wimbo wa jioni. Meera akasema anajua kidogo. Akamwambia asome aya ile, na ile. Meera akatikisa kichwa, akaendelea kupepea. Ndugu yangu akainua macho akanitazama, na lile tazamo nililijua, ni la mtu aliyeketi kwenye kiti cha baba miaka ile. Nikajifunga kibwebwe moyoni. Nilikuwa na maneno tayari, na yalikuwa mabaya.

"Babu," Meera akasema, hata hakumtazama, "sogea kidogo. Wamzibia upepo."

Kirit akasogea. Msomi mzima, aliyevuka bahari kuja kumchukua, alijiburura matako sakafuni mpaka ukutani kama mtoto aliyekanywa. Akakaa pale, mikono juu ya magoti, akitazama mkono ule mdogo unavyokwenda na kurudi. Jasho lilikuwa likimtiririka. Baada ya kitambo akanyoosha mkono na kusema, kwa Kiswahili, Kiswahili cha Lamu cha mama, ambacho sikujua kama bado anacho, "Nipa, mwanangu, nimpepee na mimi."

Meera akauficha upepeo mgongoni. "Umeoga, Babu?"

Kirit aliinuka, akashika ukuta, akaenda kuoga.